Digidigi wa Issuna

Gari lilipewa jina la Digidigi kwa sababu digidigi hukuona kabla wewe hujamwona. Kwamba digidigi hana tani tisa za chuma, wala hangurumi kama mashine ya kukamua alizeti, hilo mhandisi Alute alilijua vizuri. Lakini jina alilichagua mwenyewe, na mtu habadilishi jina la mtoto kwa sababu tu mtoto kanenepa.

Alilihangaikia gari hilo la deraya, la upelelezi, kwa miaka sita katika karakana ya jeshi. Lilikuwa na kamera juu ya mlingoti mwembamba, yenye macho mawili: moja la kuona sura, jingine la kuona joto la mwili. Gari lingejificha nyuma ya kilima, kamera ikachungulia. Sasa lilibaki jaribio moja. Kanali Jenifa, mkuu wa zoezi, alikuwa ameficha askari wanne wa kuigiza adui mahali fulani kijijini Issuna. Digidigi akiwapata kabla ya saa sita mchana, bila wao kumwona, angetengenezwa kwa wingi. Akishindwa, mradi ungefungwa na magari yangenunuliwa nje.

Issuna alipapendekeza Alute mwenyewe. "Afande, kule napajua nje ndani," alijisifu mbele ya maofisa. "Kule nimeoa!" Akili yote ile ya hesabu za chuma haikumkumbusha kwamba ulipooa ndipo anapoishi mama mkwe.

Na mkwe wake, Mama Flora, alikuwa mshika desturi hasa. Kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini na mwingine hujitanda kanga na kugeuka. Tangu amwoe Flora, Alute alimfahamu mama huyo kwa mgongo na kwa kikohozi. Mtu angembadilishia mama mkwe sokoni, asingegundua.

Asubuhi hiyo Digidigi alijibanza nyuma ya mawe makubwa. Koplo Urbano alikuwa kwenye usukani, na Kanali alikaa nyuma ya Alute wakitazama skrini moja. Kamera ikapanda. Ikapita mbuzi, ikapita shamba la uwele, ikafika kwenye ua wa nyumba moja. Mama mmoja alikuwa anapepeta nafaka, kichwa wazi.

Alute aliutambua ule mgongo. Mama akaanza kugeuka. Mkono wa Alute, bila kumwomba ruhusa mwenye mkono, ukaizungusha kamera hadi angani, naye akainamisha macho mpaka kwenye buti zake.

"Pako salama, afande," alisema.

Kanali aliamuru warudie. Kamera ikarudi, ikafika uani, ikaruka tena.

"Mbona inaruka palepale?"

"Ni... hitilafu ndogo, afande."

Alitamani kujizaba kibao. Mabamba yote yale ya kuzuia risasi, na aibu imepenya bila hata kubisha hodi!

"Hitilafu inayojirudia si ndogo," alisema Kanali. "Nimeona ya kutosha. Koplo, turudi."

Urbano akashika gia. Miaka sita ilikuwa inakwenda na maji kwa sababu ya uongo wa maneno mawili, na moyo wa Alute ulimuuma kweli. Gari halikuwa na kosa lolote.

"Afande, gari ni zima," alisema haraka. "Mbovu ni mimi. Yule mama ni mkwe wangu. Kwetu hatutazamani."

Urbano alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Kwa hiyo adui akitaka kutushinda," aliuliza Kanali, "awapange mama wakwe mstari wa mbele?"

"Wa kwangu peke yake anatosha, afande."

"Geuza kamera."

Aligeuza, safari hii bila kuinamisha macho. Mama Flora alikuwa anacheka peke yake. Alikuwa na mwanya wa Flora na mashavu ya Flora, na Alute akamwonea haya na kumpenda kwa wakati mmoja. Nyuma yake, katikati ya mabua ya alizeti, vivuli vinne vya joto vilikuwa vimelala kifudifudi.

"Adui wanne," alisema. "Na raia mmoja, afande. Mwenye nyumba."

Saa sita ilikuwa bado. Waliendesha mpaka uani, na wale askari wakatoka kwenye mabua wakiapa kwamba hawakuona kitu. Kanali na Urbano wakashuka. Alute, shujaa wa siku, alijifungia ndani kama kuku anayeatamia.

"Shikamoo mama," alisema Kanali. "Tusamehe kwa usumbufu. Hata wewe hukutuona, siyo?"

"Marahaba. Nimewaona toka mapema," alijibu Mama Flora. "Lile jiwe nimeolewa nimelikuta, halijawahi kuota shingo. Halafu hiyo shingo ikaniona, ikageuka upesi, ikatazama mbinguni. Ikarudi, ikageuka tena! Nikacheka, nikajua yumo mkwe wangu. Huko jeshini nani mwingine ana adabu hiyo?"

Ndani ya chuma, Alute alisikia kila neno.

"Ukawaambia hawa vijana?"

"Niwaambie ili mkwe wangu aonekane hajui kazi? Nimenyamaza, nimepepeta uwele wangu."

Kanali alicheka hadi akaliegemea gari. "Basi adui hakuona. Limepita. Ila shingo mkaipake rangi upya."

Alute alitaka kushukuru. Kutoka hawezi, kunyamaza hawezi. Akachukua kipaza sauti cha gari, kile cha kuwatawanyia watu, akanong'ona kwa heshima zote. Bahati mbaya kipaza sauti alikitengeneza mwenyewe, na alikitengeneza vizuri.

"SHIKAMOO MAMA! ASANTE SANA!"

Mbuzi walikata kamba. Issuna nzima, mpaka gulioni, ikajua gari la siri lilipo na kwamba limeoa pale.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Flora, akiyatazama mabua. Kisha akamwambia Kanali kwa sauti ya chini, "Ugali upo na kuku yupo. Mimi naingia ndani. Mwambieni ashuke ale."