Fundo Lenye Mkia Mrefu

Salome Eshbach aliamka akiwa amechoka, na haukuwa uchovu wa jana. Ulikuwa wa miaka tisa, tangu yeye na mumewe washuke melini Philadelphia wakaja kukata miti huku msituni Conestoga. Visiki bado vilijaa shambani kama meno mabovu. Watoto watano, ng'ombe wanne, mume mmoja. Na leo mume huyo huenda akachukuliwa.

Mhubiri wao wa zamani alikuwa amekufa wakati wa baridi. Waumini walipita mmoja mmoja kwa askofu, kila mtu akamnong'oneza jina. Wanaume wanne wakatajwa: Melchior, Velten, Jost mume wa Salome, na Kilian. Sasa kura ingeamua. Vitabu vinne vya nyimbo, na ndani ya kimoja karatasi ndogo. Atakayekichukua anahubiri mpaka kufa, bila malipo, akizika wafu na kupatanisha wanaogombana, huku shamba lake likimsubiri. Kukataa hakupo. Kila mwanaume aliahidi siku ya ubatizo kwamba akiitwa ataitika.

Kanisa hawakuwa nalo, walisali majumbani, na zamu ya leo, Jumamosi ya kura, ilikuwa ya kwa akina Eshbach. Kwa hiyo Salome alikuwa na watu sitini wa kulisha.

"Usikunje uso hivyo, dada," alisema Gertraud, mke wa Velten, akikatakata kabichi. "Omba apate wa kwangu. Akianza kuhubiri, wote mtalala. Hata siku ya kuniposa alisahau alikuwa anasema nini, nikamalizia mwenyewe."

"Na wa kwangu kusoma kwenyewe anafuata kwa kidole," Salome akasema. "Mimi naomba apate Kilian."

Gertraud akaacha kisu. "Kilian? Mtu amezika mke wiki mbili zilizopita?"

"Ndiyo maana. Hana mke atakayechoka kwa ajili yake."

Akaona aibu palepale, lakini maneno yalishatoka. Akapanda darini kuchukua matufaha makavu.

Mbao za dari zilikuwa na nyufa. Chini yake, chumbani, askofu alikuwa peke yake na vile vitabu. Salome alitaka kugeuka, kweli alitaka. Miguu ikagoma. Akaona karatasi ikiingia. Akaona askofu akifunga kila kitabu kwa uzi ili visitofautiane, na vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi vikishindwa na kile cha karatasi. Fundo likatoka na mkia mrefu, kama wa panya.

Alimkuta Jost kisimani akinywesha farasi wa wageni.

"Usichukue chenye mkia mrefu," alisema. "Kwenye uzi. Nimeona."

Jost akaweka ndoo chini. "Salome, umefanya nini?"

"Nimechoka, Jost. Hicho ndicho nilichofanya."

Jost akashika ndoo nyingine.

Waliimba wimbo wa taratibu usioisha, halafu vitabu vikapangwa mezani. Wanachagua kwa umri, mkubwa anaanza. Melchior akachukua cha mwisho kulia, bila kuangalia. Velten akasitasita, akachukua cha mwisho kushoto. Salome, amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akaona vilivyobaki. Viwili. Kimoja chenye mkia mfupi, karibu na upande aliokaa Jost. Kingine chenye mkia mrefu.

Jost akasimama. Hakumwangalia mkewe. Alimwangalia Kilian, aliyekaa na mtoto mchanga mapajani kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Halafu akanyoosha mkono, akapita juu ya kitabu cha karibu, akachukua kile cha mbali.

Askofu alipovifungua, watu walilia, kama wanavyolia siku zote kwa anayepata. Jost akapiga magoti, akawekewa mikono. Gertraud alimkumbatia Salome kwa nguvu, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Pole, dada. Pole sana."

Salome akaenda kupakua chakula. Watu sitini wanakula hata ukilia.

Walipoondoka, ng'ombe walikuwa bado hawajakamuliwa. Jost alimfuata zizini, koti la ibada mwilini.

"Nilikwambia," Salome alisema, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. "Nilikwambia waziwazi."

"Ndiyo. Ungenyamaza, ningechukua kile kilicho karibu na mkono wangu. Mimi na uvivu wangu, unanijua."

Maziwa yakaacha kudondoka. Cha karibu. Cha mkia mfupi.

"Na Kilian angepata," akasema polepole.

"Angepata, na ningelala usingizi, maana nisingejua. Lakini nilijua. Ningekaaje kila Jumapili namsikiliza akihubiri na mtoto analia, huku najua ule mzigo nimemtwisha mimi?"

Salome alitafuta hasira, akakuta hata hiyo imeisha nguvu.

"Utamwambia askofu?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimeiba mzigo?" Akacheka kidogo, cheko kavu, halafu akakaa kwenye majani kama gunia lililotupwa. "Nitamwambia. Lakini si leo."

"Niliyechungulia ni mimi. Nitakwenda mwenyewe."

"Tutakwenda wote."

Akaendelea kukamua. Shamba la chini lilikuwa bado halijalimwa, na kuanzia sasa siku nzuri za kulima zingekuwa za maziko ya watu na magomvi ya mipaka.

"Kesho asubuhi nifundishe kushika plau," alisema.

"Kesho Jumapili."

"Basi Jumatatu."

"Plau ni nzito, Salome."

"Najua ni nzito," akasema, akasogeza ndoo kwa ng'ombe wa pili.