Mama Mkwe wa Göhren

Emong alianza kuichukia siku ile kabla hata gari moshi halijaondoka stesheni ya Putbus. Si kwamba gari lenyewe lilikuwa baya. Lilikuwa dogo, la makaa, linapiga mluzi na kujifaragua kuliko hata yale makubwa ya kwao Tororo, na yeye kijana wa reli, aliyeletwa Ujerumani Mashariki kusomea injini, angelipenda sana. Ila viti vilikuwa vinatazamana, na mbele yake, goti kwa goti, alikaa mama mkwe.

Jamani! Goti kwa goti na mama mkwe! Kijijini kwao Mella, mwanamume akimwona mama mzaa mke anakuja njiani, anaingia shambani mwa watu hata kama ni matope, anampa mgongo mpaka apite. Hamshiki mkono. Hali naye. Hiyo ndiyo heshima, na anayeivunja huonekana hakulelewa. Oguttu, Msamia wa Busia aliyesoma naye Dresden, alikuwa amemwonya: "Bwana wee, mkwe ni mkwe. Hata kama Mzungu, wewe nakimbia tu."

Akimbilie wapi sasa, ndani ya behewa? Mama akamnyooshea peremende. Emong akatazama dirishani, akajifanya hakuiona.

Na siku yenyewe ilikuwa ya kupimwa. Heidrun, mchumba wake, hakuwa na baba, alifia vitani. Wa kusema ndiyo au la alikuwa mama peke yake, na ndiye aliyepanga, Julai ile ya 1965, wazunguke miji ya pwani ya kisiwa cha Rügen ili amjue kijana. Jioni angetoa neno lake.

Walishuka Binz. Nyumba nyeupe zenye roshani za mbao zilijipanga zikitazama bahari. Mama akamshika Emong mkono amwonyeshe hoteli aliyofanyia kazi usichanani. Emong akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akaenda kusimama nyuma ya kibanda cha aiskrimu.

"Una nini wewe?" Heidrun alimfuata amekunja uso.

"Nilikwambia. Ni mama mkwe."

"Na mimi nilikwambia, mama ni mtu wa kawaida. Mzoee!"

"Basi mweleze wewe."

"Nimweleze kwamba humtaki? Mweleze mwenyewe."

Ala! Amweleze mwenyewe, wakati kusimama naye uso kwa uso ndiyo aibu yenyewe! Emong alitamani kuupiga teke mchanga wote wa Binz.

Sellin mambo yakazidi. Mama aliagiza meza ya watu watatu na samaki wa kukaanga. Emong akasema hana njaa, tumbo likamsuta hapo hapo kwa kunguruma. Akatoka, akazipanda na kuzishuka zile ngazi ndefu za kwenda baharini, na harufu ya samaki bado iko puani. Alipochungulia dirishani alimwona mama amesukuma sahani kando, hajala kitu. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Göhren ndiko kulikoharibika kabisa. Ufukweni kulikuwa na viti vyao vya kikapu, vikubwa, vyenye paa na kuta, kila kimoja cha watu wawili. Mama akajifunika taulo, akahangaika humo ndani, akaibuka na nguo ya kuogelea. Mapaja nje! Mabega nje! Akaketi kikapuni, akapigapiga nafasi iliyobaki.

"Keti hapa, Emong."

Mungu wangu! Emong akageuka mbio hadi majini, viatu miguuni. Mella angejificha kwenye mtama. Hapa hata kichaka hakuna.

"Inatosha!" Sauti ya mama ilimfikia nyuma ikitetemeka. "Tangu asubuhi unanikimbia. Peremende yangu hutaki, mkono wangu hutaki, mezani kwangu huketi. Mtu anayenichukia simpi mtoto wangu. Heidrun, kusanya vitu twende."

Hasira za siku nzima zikampanda Emong, akapiga kelele, mgongo bado amempa, maneno akiyatupia maji:

"Sikuchukii! Kwetu mama mkwe hatazamwi! Hatuketi naye, hatumwangalii akila, hatumwoni... hivyo! Kama nisingekuheshimu ningekuwa nimeshakula samaki wako zamani! Nina njaa mimi!"

Akasikia kikapu kinakokotwa mchangani, mtu anahema. Akajua wanakirudisha kwa aliyewakodisha, basi, mambo yamekwisha. Machozi yakamlenga.

"Geuka tu," Heidrun akasema.

Aligeuka polepole. Vikapu viwili vilisimama vimepeana migongo. Kimoja kitupu, kinamtazama yeye. Cha pili kilitazama mjini, na juu ya paa lake ulinyooka mkono ulioshika mkate wenye wale samaki waliobaki Sellin. Heidrun akaupokea, akampa. Emong akaingia kikapuni akala kwa pupa, bila haya. Upande wa pili mama naye alikuwa anatafuna.

"Heidrun," sauti ya mama ikatoka huko nyuma, "muulize, kwao watu hukaa hivi mpaka lini?"

"Mwambie mpaka nimletee mbuzi wa kuondoa mwiko," Emong akajibu, mdomo umejaa.

Heidrun akageukia kikapu cha mama.

"Mwambie alete, ila uwani kwangu nimepanda vitunguu," mama akasema. "Mbuzi mmoja anatosha."