Nani Analegeza Balbu ya Bwawa?

Mume wangu ana mwanamke, na wanakutana bwawani kwangu. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu mchana ule, nimesimama na fundi kwenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, taa ya chini ya maji imekufa mara ya tatu tangu mjukuu wetu arudi kwao.

Fundi alizima umeme kwanza. Akalala kifudifudi ukingoni, akazamisha mkono, akafungua skrubu ya juu. Taa ikatoka ukutani na waya wake mrefu, akaipandisha hadi pakavu bila kupunguza maji hata ndoo moja. Akafungua kioo, akaitazama balbu, akaguna.

"Mama, balbu nzima. Imelegezwa tu."

"Imelegezwa na nani?"

"Mimi skrubu yangu naiacha ule mfuo wa kutia bisibisi umesimama wima. Leo nimeukuta umelala. Kuna mtu anafungua baada yangu."

Makubwa! Swichi ya taa ile iko jikoni, na jua likizama huwasha mimi mwenyewe. Tangu mjukuu atumbukie humo, sitaki kuona maji meusi. Siku ile niliruka na gauni langu nikamtoa, babu yake kasimama ukingoni analalamika mgongo umemkamata. Sasa anayetaka giza ni nani, kama si mwenye la kuficha? Na siku hizi jioni ikifika, bwana huyo ananihimiza: "Nenda kamwone dada yako, mke wangu." Mke wangu! Miaka yote naitwa "wewe". Nikirudi, taulo lake bichi, linanuka dawa ya bwawa. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kaza," nikamwambia fundi. "Na mzee akikuuliza, taa bado mbovu."

"Mama, mimi sipendi kuingia mambo ya watu."

"Umeshaingia hadi kwapani. Kaza!"

Jioni nikajitanda mtandio, nikaaga kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi. Nje nikasikia maji yakipigwa, pwaa, pwaa. Kisha sauti ya mume wangu, ya chini, ya kubembeleza:

"Taratibu. Usiogope. Taratibu."

Mimi nimemzalia, nimemuuguza, na sauti ile sijawahi kuisikia. Matusi nilikuwa nayo tayari, na sanduku langu nilijua liko wapi. Nikabonyeza swichi.

Bwawa likawaka lote hadi chini. Hapakuwa na mwanamke. Alikuwemo yeye peke yake, mzee mzima na upara wake, kang'ang'ania ukingo kwa mikono miwili. Maboya ya mjukuu, yale ya manjano ya kuvaa mikononi, yalikuwa yamembana kama bangili za mtoto. Alikuwa akijibembeleza mwenyewe.

Nikatoka nje. Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma.

"Zima," akasema.

"Nani kakufundisha kulegeza balbu?"

"Nilimtazama fundi. Zima, nakuomba."

"Sizimi. Unafanya nini humo?"

Akageukia ukuta. "Siku ile mgongo haukunikamata. Sijui kuogelea. Nilimwona mtoto anazama, nikaogopa, miguu ikakataa. Likizo anarudi. Nilitaka nijifunze gizani, nijue kabla hujagundua."

Hasira yangu yote ikaniishia mwilini. Nilimwonea huruma hadi nikaona haya. Nikaweka viatu chini, nikateremka ngazi za bwawa na gauni langu, mara ya pili sasa. Nikampitishia mkono chini ya tumbo.

"Achia ukingo," nikamwambia.

"Nitazama."

"Taa inawaka, mume wangu. Nakuona."

Akaachia mkono mmoja. Akanitazama. Akaachia na wa pili.