Mahindi Yaliyonyamazishwa

Mjane aliingiza kidole kati ya jani na bua, pale hindi changa linapoanza kuvimba. Palikuwa bapa. Akahamia bua la pili, la tatu, mstari mzima. Shamba lilimpita kichwa kwa urefu, kijani kibichi, na halikuwa na hindi hata moja.

"Siku hizi hata mahindi yanangoja ruhusa ya kuzaa," alisema mama mkwe wake, aliyekaa ukingoni na fimbo mapajani.

Jirani ndiye aliyepanda mbegu za kampuni, zile zisizozaa mpaka zipulizwe dawa ya kampuni. Wao walipanda zao, walizoning'iniza juu ya meko zipate moshi, bungua wasizile.

Siku ya tatu akaja bwana shamba wa kampuni. Alichuma jani, akalisaga ndani ya kichupa, akatumbukiza kikaratasi. Mistari miwili ikatokea. Jeni yao imo, akasema.

"Sijachukua kwenu hata punje."

"Najua, mama. Upepo ndio uliochukua chavua yetu, msimu uliopita."

Alieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Jeni ya kuzaa haikukatwa wala haikufa, imenyamazishwa tu. Dawa huiamsha, msimu mmoja. Pampu anayo garini. Ila mbegu za juu ya meko apewe zote, maana ndani yake mna mali ya kampuni, na kuficha mali ya watu ni kesi.

"Na nikikataa?"

Aliyatazama mabua. "Ng'ombe wako watashiba."

Hawakuwa na ng'ombe.

Mjane alipanda kigoda, akafungua kamba. Hindi moja kavu, lililoning'inia pale tangu kabla kampuni haijafika, alilichomeka kiunoni chini ya nguo. Mengine akayatia guniani mwenyewe.

Msimu uliofuata walipanda punje za hindi lile kavu nyuma ya choo. Nyingi zilikuwa zimekufa. Likaota bua moja, na bila dawa yoyote likatoa hindi, na hindi likatoa ndevu, laini, zikingoja chavua.

Asubuhi ndevu zilipotokea, mashamba yote ya mbegu za kampuni, pande zote, yalikuwa yamechanua.

Mjane alipotoka nje alimkuta mama mkwe amesimama mbele ya lile bua bila fimbo, ameitandaza shuka kwa mikono miwili.

"Shika upande huu, mwanangu," alisema. "Upepo unavuma kutoka kwao."

Mjane akashika. Upepo ukahamia upande wa pili.