Chunjua Zilizofungwa kwa Singa

Vinyama vilivyoniota chini ya uume vilirudi mara ya tatu, safari hii vingi zaidi kuliko mwanzo.

Mimi ni mchuuzi wa ng'ombe, Kehancha. Chunjua, vinyama kama hivi, nazijua. Ng'ombe mtamba akizipata kwenye chuchu, unang'oa singa, unywele mrefu wa mkia wake, unaifunga chunjua kwenye shina, unakaza. Inakauka, inaanguka. Ndivyo nilivyojifanyia. Ziliumiza vibaya, zikaanguka, zikarudi.

Mke wangu Nyarangi alihamishia godoro lake jikoni.

"Sikuulizi umetoa wapi," alisema. "Nauliza ni nini, na kama nami ninacho. Ukinidanganya naenda kwetu, na ng'ombe wa mahari usiwaulizie."

Migori mjini kila muuguzi ana shangazi anayenijua. Nikaenda Homa Bay.

Daktari alikuwa kijana, Fanuel. Alivaa glavu, akainama na tochi.

"Mzee, hapa pamefungwa na nini?"

"Singa ya mkia."

"Mkia wa nani?"

"Wa ng'ombe. Ulidhani wangu?"

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akasema kidonda nimejifanyia mwenyewe, lakini vinyama ni vya kirusi kiitwacho HPV, kinachopita ngozi kwa ngozi watu wakilala pamoja.

"Lakini mimi nimetahiriwa," nikasema. "Nilidhani haya ni mambo yenu watu wa ziwa, msiotahiri."

"Hata mimi nimetahiriwa, mzee. Kisu kinapunguza, hakizuii."

"Basi nani alikileta nyumbani, mimi au mke wangu?"

"Hakuna wa kukuambia. Kinakaa kimya miezi, hata miaka. Na mwanamume asiye na dalili hatuna kipimo cha kumpima."

Hilo halikuniingia. Ugonjwa usio na mwenyewe? Nikauliza lingine. "Mbona kwangu zinarudi, na mitamba wangu wanapona?"

"Umewahi kumwacha mtamba bila kumfunga?"

Nikafikiri. Wale wa kaka yangu Ryoba, ambaye ni mvivu, hawafungwi kamwe. "Zinaisha zenyewe," nikasema. "Zinachukua muda tu."

"Basi singa haikuponya kitu. Ni mwili wa mnyama unaojiponya."

Miaka yote hiyo nikihangaika na mikia! Nikamwambia aendelee.

Alisema ataviua kwa baridi kali, lakini atakuwa ameondoa kinachoonekana tu. Kirusi hubaki kwenye ngozi ya pembeni, ndiyo maana vinarudi, hasa miezi ya mwanzo. Mwili wenyewe ndio unaokishinda, na kwa wengi hukishinda ndani ya miaka miwili hivi.

"Wangu una shida gani?"

"Unanuka sigara. Hapo unakisaidia kirusi. Na huko chini unanyoa?"

"Kwa wembe."

"Wembe unakisambaza. Acha. Tumia kondomu, ingawa haifuniki kila mahali. Tukupime ukimwi, kwa sababu kinga ikiwa chini vinyama havichoki. Na mama apimwe shingo ya kizazi. Aina inayootesha vinyama kwa kawaida siyo ile ya saratani, ila mtu anaweza kubeba zote mbili."

Alivigandisha vinyama, akanipima; ukimwi sikuwa nao. Nilirudi nyumbani, nikasimama mlangoni pa jikoni, nikamweleza Nyarangi yote, hata la singa.

"Na aliyekileta?"

"Haijulikani. Yaweza kuwa mimi."

"Umesafiri mpaka Homa Bay kuambiwa hujui?"

"Zamani nilikuwa sijui, na bado nikibisha kwamba najua."

Alipuliza moto, akanigeuzia mgongo ili nisione kama anacheka. Wiki iliyofuata tulikwenda wote. Walikuta doa kwenye shingo ya kizazi chake, halijawa saratani, wakaligandisha siku hiyo hiyo. Kwangu kinyama kimoja kiliota tena, kikagandishwa, na mpaka leo hakuna kingine.

Hesabu ya gharama yake ni hii. Sigara nilizoacha, ambazo bado nazitamani kila asubuhi. Kovu ambalo halitatoka. Urafiki wa Maroa, mchuuzi mwenzangu, niliyemwambia naye ampeleke mkewe akapimwe, akanitangaza soko zima. Msimu mzima wa kulala peke yangu. Na kwa Nyarangi, ambaye hakuugua kitu cha kuonekana: maumivu ya tumbo, majimaji yaliyomtoka karibu mwezi baada ya kugandishwa, na safari ya kupimwa tena kila mwaka.