Kola ya Mama Adolphine

Wivine ndiye aliyeshtaki. Tulielewe hilo mapema, asije mtu akamwonea huruma bure.

Alikuwa na karakana ya ushonaji huko Katuba, mjini Lubumbashi, na sifa yake yote ilikaa kwenye gauni moja, lenye kola ya kusimama iliyokunjwa mikunjo myembamba kuzunguka shingo. Aliiandikisha serikalini kama ubunifu wake, akahojiwa hata kwenye televisheni. Basi alipoiona kola hiyohiyo kwenye magauni ya Plamedie, binti wa jirani mwenye cherehani moja tu, akapandwa na hasira, akaenda mahakamani. Alitaka magauni yakamatwe, na binti akatazwe kuyashona tena.

Nyani haoni kundule. Kola ile Wivine aliikuta kwa mama yake mzazi. Mama Adolphine alifundishwa na masista kwenye foyer social, kituo cha mafunzo ya akina mama, zamani zile wake za wafanyakazi wa migodi walipokuwa wakifunzwa kushona. Wivine aliongeza mikunjo kidogo, akajiambia kuwa sasa ni yake. Alijiambia hivyo miaka mingi, mpaka akaamini.

Mbele ya hakimu, Plamedie hakuwa na wakili.

"Bwana juge, hii kola kambo yangu njo alinifundisha," alisema, akimtaja bibi yake. "Alishakufa. Lakini alijifunza pamoja na mama Adolphine, mama ya Wivine. Mumuulize. Ule mama hadanganyake muntu."

Ni kweli. Katuba nzima ilijua hivyo. Majirani wakigombana, neno la Mama Adolphine lilimaliza ugomvi. Hakimu akaagiza aitwe.

Asubuhi ya siku ya ushahidi Wivine alimwandalia mama yake chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Mama, nikishindwa, atelier itafungwa. Bantu bote batanicheka."

Mama Adolphine akakoroga chai mpaka ikapoa. "Unaomba nini, Wivine?"

"Siombe kitu, mama. Weye mwenyewe utajua ya kusema."

Ujanja gani huo, kumwomba mzazi dhambi huku mikono yako ikibaki safi! Hata yeye aliona haya alipotamka, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Mahakamani mama aliinua mkono, akaapa kwa Mungu. Hakimu akamuuliza kama aliwahi kuiona kola ile kabla binti yake hajaishona. Mama akamtazama mwanawe. Wivine akainama, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Angeweza kutikisa kichwa tu, na mambo yangeishia pale. Hakukitikisa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Hapana, bwana juge," alisema Mama Adolphine. "Mi niliiona mara ya kwanza ku mikono ya Wivine. Mutoto wangu njo aliianzisha."

Plamedie hakupiga kelele. "Mama," alisema polepole, "kambo yangu alikuwa anakuita dada."

Mama Adolphine alishuka kizimbani akishika ukuta, na binti yake alipotaka kumsaidia, akauondoa mkono wake.

Wivine alishinda. Magauni ya Plamedie yakabebwa kwenye magunia, mtaa mzima ukitazama. Wakili wake akampa mkono wa pongezi, naye akatamani ardhi ipasuke immeze. Alijiambia atakwenda kwa yule binti kusema ukweli. Hakwenda.

Jumapili wakaenda misa, mama na mwana, wakakaa pamoja kama kawaida. Wakati wa komunyo ulipofika, safu yao ikasimama. Mama Adolphine, ambaye tangu ujana wake hakuikosa komunyo akiwa mzima, alibaki ameketi. Mama mmoja wa nyuma akanong'ona, kuuliza kama anaumwa.

"Mama, simama," Wivine alimwambia kwa sauti ya chini. "Bantu banaangalia."

Mama akasogeza magoti yake pembeni ili kumwachia njia.

"Pita, mwanangu. Weye haukulapa kitu. Mi njo nililapa kwa Mungu."

Wivine alisimama pale uso ukimwaka. Alijua kilichompasa ni kuketi kando ya mama yake, na kesho yake kurudi kwa hakimu. Lakini watu walikuwa wakingoja nyuma yake, wakimtazama, na hata siku ile alichokiogopa zaidi kilikuwa macho ya watu. Akapita, akaenda kupokea.