Redio Iliyofungishwa Kwaresima

Kwaresima ilipoanza, Mzee Fridolin alizima redio. Binti yake Restituta alikuwa amefanyiwa majaribio na makocha wa timu ya taifa ya mpira ya wasichana, nao walisema watakaochaguliwa wataitwa kwenda kucheza Lusaka. Fridolin aliamini kwamba wito utaletwa kwa barua parokiani. Basi akaweka nadhiri kwamba nyumba yake haitasikiliza redio hadi Pasaka, ili Mungu amfungulie mtoto njia. Yeye, mkewe na Restituta wakahamia shambani Michenga kupalilia mpunga, na kila jioni wakasali rozari.

Jumatatu ya Pasaka, Mashimba, mfugaji wa Kisukuma, alirudi na ng'ombe kutoka malishoni, akawaletea maziwa. Alipomwona Restituta alishangaa.

"We binti, hujaenda Lusaka?"

"Kaniita nani, baba Mashimba?"

"Redio imekuita! Wiki ile ya mafuriko, jina lako na la mzee wako. Nikawatambia hata ng'ombe!"

Restituta alicheka, kisha akauona uso wa baba yake.

Fridolin aliingia kibandani akawasha redio, waliyokuja nayo ikiwa imezimwa. Mpira ulikuwa umeshaanza huko Lusaka, na winga wa kulia alikuwa msichana mwingine. Mzee alinyosha mkono kuizima, kisha akaurudisha.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakuombea."

Restituta aliingia, akaketi sakafuni karibu naye, machozi yakimtiririka.

"Na Mungu alisikia, baba," alisema. "Nilichaguliwa."

Kisha akaongeza sauti ya redio, ili na mama yake aliyekuwa nje asikie.